Uzi: Kwenye GMAT na GRE muda hauishi, unaliwa na maswali mawili matatu

Saa Mbovu (mwenye uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni kwa wanaojiandaa na mitihani ya kuingia shahada ya uzamili, hasa GMAT na GRE. Sitafundisha hesabu wala Kiingereza, humu wapo wanaojua kuliko mimi. Nataka tuongelee saa tu.

Mara ya kwanza nafanya GMAT, kwenye hesabu, swali la sita lilikuwa la mashine mbili zinazojaza tangi, moja inaharibika katikati ya kazi. Maswali ya namna hiyo nilikuwa nimeyafanya nyumbani mpaka nikayachoka. Nikasema hili langu. Dakika mbili zikapita, jibu nililopata halimo kwenye orodha. Nikafuta, nikaanza upya. Dakika ya nne nimepata jibu jingine, nalo halimo. Kufikia hapo haikuwa hesabu tena, ulikuwa ugomvi kati yangu na lile tangi. Nilichagua jibu baada ya dakika sita na ushei, na mpaka leo sijui kama lilikuwa sahihi. La tisa na la 13 nikayafanyia vilevile. Nilipofika swali la 17 zilikuwa zimebaki dakika mbili. Nikabofya matatu bila kuyasoma, mawili ya mwisho sikuyaona kabisa.

Nilitoka nikilalamika kwamba muda hautoshi. Baadaye nikafanya mtihani wa majaribio nikiandika muda wa kila swali, na aibu ikanishika. Kati ya maswali 21, 16 nilikuwa nayamaliza chini ya dakika mbili kila moja, bila shida. Matatu peke yake yalikula dakika 15. Theluthi ya muda wote imeingia kwenye maswali matatu, na katika hayo nililipata moja!

Sasa tuweke namba mezani. GMAT ya sasa, iliyoanza Novemba 2023, ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha 23, data (kusoma majedwali, grafu na taarifa) 20. Ukigawa unapata kama dakika 2 na sekunde 8 kwa swali la hesabu, pungufu kidogo ya dakika 2 kwa lugha, na dakika 2 na robo kwa data. Wengi wanazikariri hizo namba halafu wanazitumia vibaya. Wastani hauna maana kwamba kila swali lina haki ya dakika mbili. Kuna maswali ya sekunde 50, na kuna machache yanayostahili dakika tatu kwa sababu unaona kabisa unakokwenda.

Kwa hiyo mimi siku hizi sijiulizi "dakika mbili zimeisha?" Ikifika kama dakika moja najiuliza kama njia naiona. Jibu linaweza kuwa bado, lakini njia je? Chukua mfano huu: 7 kwa kipeo cha 50, tarakimu ya mwisho ni ipi? Anayeijua njia anaona kwamba tarakimu za mwisho za vipeo vya 7 zinazunguka 7, 9, 3, 1, kisha zinarudi pale pale. Anagawa 50 kwa 4, inabaki 2, anachukua ya pili, jibu 9. Sekunde 30. Asiyeijua anaanza kuzidisha 7 mara 7 mara 7, na huyo hata umpe dakika kumi atabaki anazidisha. Tofauti ya hao wawili inajulikana ndani ya dakika ya kwanza. Zinazofuata ni ukaidi tu.

Nadhani ukaidi huu tumetoka nao shuleni. Kule mwalimu alitoa alama za njia, ukikosea jibu lakini ukaonyesha kazi yako unaokota mbili tatu. Na kuruka swali ilikuwa kama kukiri hukusoma. Huku hakuna anayeona ubao wako wa kukokotolea. Isitoshe, GMAT inakupima wakati inakuuliza: ukipatia inapandisha ugumu. Hata mtu mzuri sana lazima atafikishwa kwenye maswali asiyoyaweza, ndivyo mtihani ulivyotengenezwa. Ukikutana nayo hujashindwa, umefika unakotakiwa kufika.

Ninachofanya: naingia kila sehemu nikiwa tayari nimeshatoa sadaka ya maswali matatu. Siyajui bado, lakini najua yapo. Likitokea, nafuta majibu ambayo wazi hayawezi kuwa (ukifuta mawili kati ya matano umebaki na nafasi moja kati ya tatu), nachagua, nasonga. Kwenye GMAT huwezi kuruka bila kujibu, na usipomaliza sehemu unakatwa alama, kwa hiyo swali unaliacha kwa kulijibu.

Na vituo vya kuangalia saa. Hesabu ni rahisi, saba saba: ukimaliza la 7 ziwe zimebaki dakika 30, ukimaliza la 14 zibaki 15. Lugha: ukimaliza la 8 zibaki kama 29, ukimaliza la 16 zibaki kama 14. Data: kila maswali matano ni dakika 11 na robo. Andika hizo namba juu ya ubao wako sehemu inapoanza. Katikati ya vituo usiiguse saa kwa macho.

Karibuni mnikosoe.

Kiberiti

Mkuu hilo tangi limenigusa, mimi langu lilikuwa treni mbili. Zimekutana au hazijakutana, hadi leo sina habari zao.

Swali: safari hii naenda GRE. Hiyo saba saba inafanya kazi huko?

Saa Mbovu

Haifanyi hivyo hivyo, na watu wengi wanaumia kwa kubeba mbinu ya mtihani mmoja kwenda mwingine.

GRE ilifupishwa Septemba 2023, kutoka karibu saa tatu na dakika 45 mpaka saa moja na dakika 58. Insha moja ya dakika 30 ndiyo inaanza. Halafu lugha sehemu mbili, maswali 12 kwa dakika 18 na maswali 15 kwa dakika 23. Hesabu nayo sehemu mbili, 12 kwa dakika 21 na 15 kwa dakika 26. Ukigawa: lugha ni kama dakika moja na nusu kwa swali, hesabu dakika 1 na sekunde 45 hivi. Mapumziko yaliyopangwa hayapo. Na dakika ulizookoa kwenye sehemu moja hazihamii nyingine, zinapotea.

Tofauti kubwa ni kwamba ndani ya sehemu moja unaweza kuruka swali, kuliwekea alama, na kurudi. Na maswali yote ya sehemu moja yana uzito sawa. Lile la asilimia la sekunde 40 lina thamani ile ile na lile la duara ndani ya pembetatu lililokutoa jasho. Kosa halikatwi alama.

Ukiyaweka hayo pamoja, inabidi upite mara mbili. Mara ya kwanza unavuna yaliyoiva. Likionyesha ukorofi, chagua jibu lolote la muda, weka alama, nenda. Raundi ya pili unarudi kwa yale uliyoona yana mlango. Msisitizo kwenye "chagua jibu la muda": kuna watu wanaweka alama na kuliacha tupu, dakika zinakata huko mbele, wanatoka na nafasi wazi. Hiyo ni kutupa alama bure.

Tena GRE inapima kwa sehemu. Unavyofanya sehemu ya kwanza ndivyo ugumu wa sehemu ya pili ya somo hilo unavyopangwa. Kwa hiyo ukikwama kwenye swali la nne la sehemu ya kwanza na kuacha matatu mepesi mwishoni, umejipunguzia hata sehemu inayokuja.

Kikokotoo kipo kwenye skrini, ila kukifungua na kubofya nako ni muda. Anayekitumia kwa 15 mara 4 anapoteza muda kuliko aliyekokotoa kichwani.

Chaki Nyeupe

Nimekuwa nikiwasaidia watu kujiandaa na mitihani hii kwa muda. Nakubali nusu ya uliyoandika, nusu nyingine nina shaka nayo.

Dawa yako inamfaa mtu mwenye ugonjwa wako. Wewe maswali 16 ulikuwa unayafanya vizuri, matatu yakakumaliza. Wapo ambao hawana swali hata moja la dakika sita. Kila swali linawachukua dakika 2 na sekunde 40, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Ukimwambia huyo atoe sadaka matatu, atatoa matatu na bado hatamaliza. Tatizo lake ni msingi tu, ukaidi hana. Kila akikutana na asilimia anaanza kuigundua upya kama vile ndiyo inavumbuliwa leo.

Mfano. Bei imepanda asilimia 20, ikashuka asilimia 20. Imebadilika kiasi gani? Nina mwanafunzi aliyeandika x, akaandika mlinganyo, akafungua mabano, akapata jibu sahihi kwa dakika mbili na nusu. Alifurahi. Nikamwambia weka 100. Imekuwa 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, imebaki 96. Imeshuka kwa asilimia 4. Kwenye daftari lake swali lile lilikuwa na tiki, na kwangu lilikuwa na deni la dakika mbili.

Kwa hiyo ninachowafanyisha kabla ya mbinu yoyote ya saa ni daftari la safu tatu: muda uliotumia, umepata au umekosa, na kwa nini. Hiyo ya tatu wanaichukia, wanaandika "uzembe", na mimi siikubali. Uzembe gani? Ulisoma "angalau" ukaelewa "zaidi ya"? Ulitafuta x wakati swali linataka x + 2? Uligawa vibaya? Baada ya mitihani miwili ya majaribio daftari linaanza kuongea lenyewe. Yaliyo sahihi lakini ya dakika nne unatafuta njia fupi. Yaliyo makosa ya sekunde 40 ulikimbia mahali pasipo na mbwa. Yaliyo makosa ya dakika tano, hayo ndiyo ya Saa Mbovu.

Jingine. Wengi wanaiwasha saa mapema mno. Mada mpya unaisoma bila saa hadi uipate kwa uhakika, kisha ndipo unaileta saa. Ukianza na saa unajifunza kukosea haraka.

Saa Mbovu

Mwalimu, shikamoo. Hapo kwenye watu wa dakika 2 na sekunde 40 umenisahihisha, sikuwafikiria kabisa, niliandika kana kwamba wote tuna kichwa kama changu. Na ile ya "sahihi lakini lina deni" naiiba.

Msomaji wa Usiku

Wote mnaongelea hesabu kana kwamba lugha haina saa. Acha niseme la kwangu.

Nilifundishwa, sijui na nani, kwamba kifungu kirefu unakipitisha macho haraka kisha unaenda kwenye maswali. Nilikuwa napitisha macho dakika moja. Swali la kwanza linanirudisha kusoma aya ya pili. Swali la pili linanirudisha aya ya pili hiyo hiyo. Mwisho wa yote nimekisoma kifungu mara nne na sijakielewa hata mara moja.

Nilichobadilisha ni kusoma polepole mara moja. Kwenye GMAT kifungu kirefu chenye maswali manne kina haki ya kama dakika nane kwa jumla, na mimi dakika tatu za kwanza nazitumia kusoma tu. Najitafutia vitu viwili: nani anashikilia nini, na "lakini" ya mwandishi imekaa wapi. Majina ya madini, ya vimelea, ya mikataba, yote hayo nayapita, nikiulizwa nitajua yalipo. Baada ya hapo maswali yanakwenda kwa sekunde 60 hadi 75. Mara ya kwanza kujaribu nilijiona nachelewa sana, lakini nilimaliza mapema kuliko zamani.

Kwenye GRE vifungu vingi ni aya moja, kwa hiyo hapo hakuna ubishi, soma yote. Muda wa kuvisoma unautoa kwenye maswali ya kujaza nafasi. Mbinu inayonisaidia: soma sentensi, funika majibu, weka neno lako mwenyewe hata kama ni la mtaani, ndipo uangalie orodha. Na kama majibu yamejaa maneno usiyowahi kuyaona, hapo sadaka ya Saa Mbovu inafaa kuliko mahali popote. Hesabu ukikaa nayo huenda ukagundua kitu. Neno usilolijua hata ulikodolee macho saa nzima halitakuambia maana yake. Sekunde 45, chagua, nenda kasome kifungu.

Kiberiti

"Neno la mtaani" 😂 mimi kila sentensi najazia "mbovu" au "poa" halafu natafuta mwenzake kwenye orodha. Na inafanya kazi!

Tumbo Joto

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni kwenye mambo haya, mtihani wangu (GMAT) uko mwezi ujao. Tatizo langu hamjalitaja. Saa ikishuka chini ya dakika 20 mwili unapata joto, nasoma sentensi moja mara tatu haiingii. Kuanzia hapo nafanya haraka haraka zote na nazikosa zote, hata zile ninazozijua. Hivyo vituo vya kuangalia saa mimi naona vitaniongezea hofu.

Saa Mbovu

Marahaba mdogo wangu. Saa ya kwenye skrini unaweza kuificha, jaribu hivyo kwenye mazoezi. Unaifungua ukimaliza la 7 na la 14, basi. Anayeiangalia kila swali anaiangalia mara 21, na kila mara inampa habari mbaya.

Lakini la muhimu zaidi ni unachofanya ukikuta umechelewa. Tuseme umemaliza la 14 na zimebaki dakika 12 badala ya 15. Mwili unakuambia kimbia. Ukikimbia, unapunguza sekunde 25 kwenye kila moja ya saba zilizobaki, na kwa mtu kama wewe hiyo inamaanisha kusoma vibaya zote saba. Dakika tatu hizo zilipe kwa swali moja, au moja na nusu. Linalofuata likionekana la kukera, chagua jibu ndani ya sekunde 15 na uende. Deni limepungua zaidi ya nusu na maswali mengine yanapata karibu muda wake kamili. Hofu nyingi inatoka kwenye kudhani lazima uzikomboe zote.

Chaki Nyeupe

Naongeza kwa Tumbo Joto. Fanya mtihani mzima wa majaribio, sio vipande, saa ile ile utakayofanya mtihani wenyewe. Watengenezaji wana ya bure: GMAC wanatoa miwili kwa GMAT, ETS nao wanatoa POWERPREP miwili kwa GRE. Usiimalize yote wiki ya kwanza kwa sababu ya hamu.

Na kama mtu ana hali inayotambulika kitabibu, iwe ya macho, ya kusoma, ya umakini au nyingineyo, mitihani yote miwili ina utaratibu wa kuongezewa muda. Unaomba kwa vielelezo kabla ya kupanga tarehe, na kushughulikiwa kunachukua wiki. Nimeona watu wanaona aibu kuomba. Sijui aibu ya nini.

Fundi Takwimu

Hakuna aliyegusa sehemu ya data, ambayo ndiyo mlaji mkuu. Nitasema kwa ufupi maana niko kazini.

Maswali ya utoshelevu wa taarifa (yale ya "je, taarifa ya kwanza inatosha? ya pili je?"): hutakiwi kutafuta jibu. Rudia hiyo sentensi. Ukishajua kwamba una milinganyo miwili ya mstari iliyo tofauti kweli (mmoja si mwingine uliozidishwa tu) yenye vitu viwili visivyojulikana, inatosha, weka kalamu chini. Watu wanaendelea hadi wapate x ni 14. Nani kakuuliza? Majibu yake matano hayabadiliki kamwe, yakariri kabla, usiyasome siku ya mtihani.

Maswali yenye vyanzo vingi, vile vya kurasa mbili tatu za maelezo na maswali matatu juu yake: yakikuangukia mapema, vituo vya Saa Mbovu vitaonyesha umechelewa hata kama uko sawa. Kusoma kote kunalipwa kwenye swali la kwanza, mawili yanayofuata yanakwenda haraka. Usitaharuki.

Maswali yenye sehemu mbili au tatu ndani yake hayana alama nusu. Ukikosa kipande kimoja limeenda lote. Kwa hiyo kama vipande viwili ni rahisi na cha tatu hukielewi hata kidogo, huna sababu ya kuvikagua vile viwili mara mbili.

Kikokotoo kwenye GMAT kipo sehemu hii tu, hesabu hakipo.

Kiberiti

Kuna jambo nasikia kila siku: kwamba maswali ya mwanzo ndiyo yenye uzito, kwa hiyo tumia muda mrefu kwenye saba za kwanza kisha ukimbize zilizobaki. Kuna mtu aliniapia kabisa.

Msomaji wa Usiku

Nami niliambiwa hivyo, na nilifuata. Nilitumia dakika 20 kwenye saba za kwanza. Sitaki kuongelea yaliyotokea kwenye 14 zilizobaki.

Saa Mbovu

Kwa GRE hilo halina pa kusimama, uzito ni sawa ndani ya sehemu. Kwa GMAT, mashine inarekebisha makadirio yake mpaka swali la mwisho. Ukianza vizuri inakupa magumu zaidi, halafu wewe ndiyo kwanza umeishiwa muda wa kuyafanya. Unajipandisha juu ya mti na kuondoa ngazi mwenyewe. Na adhabu ya kutomaliza ipo, hilo halina ubishi.

Ninachokubali ni kitu kidogo: mwanzoni usifanye makosa ya kizembe kwa sababu ya kiwewe cha kuanza. Sekunde 10 za kuhakiki, sawa. Dakika tano za ziada, hapana.

Kijiti

Dondoo ndogo ambayo watu wanaidharau: vifaa. Kituo nilichofanyia (sikitaji) nilipewa kitabu cha kuandikia na kufuta, na kalamu yake ilikuwa imekauka. Nimegundua nikiwa swali la pili. Kunyoosha mkono, kusubiri, kubadilishiwa, na saa haikunisubiri. Jaribu kalamu kabla hujabofya kuanza. Na kama unafanyia nyumbani kwa ubao mdogo wa kufuta, fanyia mazoezi ubao huo huo, usifanye mazoezi kwenye karatasi kubwa halafu siku yenyewe ukute kila maswali mawili unafuta. Kufuta nako ni muda.

Mdau Mpya 7

Insha ya GRE mnaigawaje? Dakika 30 zinanitosha kuandika tu, kupanga sipati.

Chaki Nyeupe

Dakika 4 hadi 5 kupanga: unashikilia upande gani, sababu mbili zenye mifano, na hoja moja ya mpinzani utakayoijibu. Dakika 20 kuandika. Zilizobaki kusoma ulichoandika, maana pale hakuna programu ya kukusahihishia tahajia. Andika utangulizi mfupi. Wanaokwama karibu wote wamekwama kwenye sentensi ya kwanza, wanataka iwe nzuri.

Tumbo Joto

Wakubwa nimerudi. Jana nimefanya ule wa majaribio wa bure, saa imefichwa, namba za vituo zimeandikwa juu.

Hesabu: la 11 nimeliacha. Lilikuwa la uwezekano, mipira ya rangi tatu. Roho imeniuma, maana najua ningekaa nalo ningelipata. Kituo cha 14 zilibaki dakika 16! Nimemaliza zimebaki nne, haijawahi kutokea.

Halafu nikaharibu. Kwa kuwa muda ulikuwepo nikarudi kubadilisha majibu, si wanaruhusu matatu kwa kila sehemu. Nimebadilisha matatu yote. Mawili yalikuwa sahihi, nikayageuza kuwa makosa.

Kiberiti

😂😂 Pole mdogo wangu. Umepewa ruhusa, sio amri.

Saa Mbovu

Hongera kwanza, la 11 ndilo lililokununulia hizo dakika nne.

Kwenye kubadilisha: rudi pale tu ulipoweka alama wakati unalifanya, na ubadilishe ukiliona kosa lenyewe kwa macho, "hapa nilijumlisha badala ya kutoa". Kama sababu ni kwamba jibu "halijakaa vizuri", liache lilivyo. Ulikuwa na sababu gani kwa yale mawili?

Tumbo Joto

Hayakukaa vizuri.

Sawa nimeelewa. La mwisho: mpangilio wa sehemu tunachagua wenyewe, na mapumziko ni moja tu ya dakika 10. Data ndiyo inanitesa. Niianze nikiwa na nguvu, au niiweke mwisho?

Fundi Takwimu

Usiiweke mwisho, kusoma majedwali na akili imechoka ni mateso. Mimi ningeanza na hesabu ili upate moto, data ya pili, mapumziko, kisha lugha.

Msomaji wa Usiku

Sikubaliani. Kifungu kirefu dakika ya 90 hakisomeki. Lugha kwanza.

Chaki Nyeupe

Tumbo Joto, mtihani wa pili wa majaribio bado unao? Fanya kwa mpangilio wa Fundi Jumamosi, uweke muda wa kila swali kwenye daftari, ulete hapa tuone. Usibadilishe kitu kingine chochote wiki hii.

Tumbo Joto

Bado ninao. Jumamosi asubuhi, nitaleta namba.